Kapteni Boycott na Swali la Kususia

Waswahili husema ukisusa, wenzio wala. Msemo huu una hekima yake. Mtoto anayesusa chakula kwa hasira hulala na njaa, na sahani yake humalizwa na wenzake. Ndiyo maana waamini wengi, wanaposikia mwito wa kususia bidhaa za kampuni fulani kwa sababu inawadhulumu wafanyakazi wake au inaharibu mazingira, hujiuliza kama jambo hilo lina faida yoyote. Shilingi za mama mmoja sokoni zina uzito gani mbele ya kampuni yenye matawi katika mabara yote? Wengine huuliza swali lililo gumu zaidi: je, kususia ni tendo linalompasa Mkristo, au ni kisasi kilichovikwa vazi la haki?

Tumeona vyema kulitafakari swali hili kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limekuwa neno lenyewe. Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na lugha nyingine nyingi hulitaja tendo la kususia kwa jina la Charles Boycott. Wengi wanalitumia jina hilo kila siku, lakini ni wachache wanaoyafahamu maisha yake. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba aliyeligeuza jina hilo kuwa neno alikuwa padre Mkatoliki, paroko wa kijijini, na kwamba miaka minane tu baadaye Roma yenyewe ililaani tendo hilo.

Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Burgh St Peter, Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Jina la ukoo wao liliandikwa Boycatt hadi mwaka 1841, ndipo familia ilipobadilisha herufi moja. Mwaka 1848 kijana huyo aliingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, lakini alishindwa mtihani na kuondoka. Kwa desturi ya nyakati zile, nafasi ya uofisa jeshini iliweza kununuliwa kwa fedha, na mwaka 1850 familia yake ilimnunulia nafasi katika kikosi cha 39 kwa pauni 450. Kikosi hicho kilipelekwa Ireland, na huko akamwoa Annie Dunne mwaka 1852. Muda mfupi baadaye aliliacha jeshi, lakini hakurudi kwao. Alilima kwanza Tipperary, kisha kwa miaka mingi katika kisiwa cha Achill, kwenye pwani ya magharibi. Watu waliendelea kumwita Kapteni.

Mwaka 1873 alihamia nyumba ya Lough Mask, karibu na mji wa Ballinrobe katika kaunti ya Mayo. Nyumba na ardhi vilikuwa mali ya Earl Erne, kabaila aliyeishi mbali, katika kaunti ya Fermanagh. Boycott alikodi shamba kubwa kwa ajili yake mwenyewe, na wakati huohuo akawa wakala wa tajiri huyo, mwenye kazi ya kukusanya kodi kwa wakulima wa jirani na kuwafukuza walioshindwa kulipa. Hakuwa jambazi wala muuaji. Alikuwa mtu wa bidii, mpenda farasi, mkaidi, mwenye kuamini kwamba mwenye ardhi ana haki na mpangaji ana wajibu, na kwamba mjadala unaishia hapo. Aliwatoza wapangaji faini kwa makosa madogo: lango lililoachwa wazi, kuku walioingia shambani mwake. Aliyoyafanya yaliruhusiwa na sheria ya nchi, na hapo ndipo fundisho la maisha yake linapoanza kutuhusu. Dhuluma nyingi za dunia hii haziivunji sheria hata moja.

Tuitazame hali ya wakulima wale. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, nao waliilima ardhi ambayo mababu zao waliimwagia jasho kabla yao, lakini hawakuwa na haki juu yake. Mpangaji aliyeliboresha shamba aliweza kupandishiwa kodi kwa sababu ya jasho lake mwenyewe. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi ng'ambo. Mwaka 1879 mvua ziliharibu mazao tena, na hofu ya njaa ikarudi Mayo. Mwaka huohuo Michael Davitt, mwana wa Mayo ambaye familia yake ilifukuzwa shambani akiwa mtoto mdogo, na ambaye alipoteza mkono katika mashine ya kiwanda huko Uingereza akiwa na umri wa miaka 11, aliongoza kuanzishwa kwa Umoja wa Ardhi. Rais wake alikuwa Charles Stewart Parnell, mbunge na mwenye ardhi, ambaye hakuwa Mkatoliki.

Mwaka 1880 Earl Erne alikubali kuwapunguzia wapangaji wake asilimia 10 ya kodi. Wapangaji waliomba asilimia 25. Walikataliwa, na mwezi Septemba Boycott akaanza kuchukua hatua za kuwafukuza wapangaji 11. Siku zilezile, tarehe 19 Septemba, Parnell alihutubia umati mjini Ennis. Aliwauliza watu wamfanye nini mtu anayelichukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Walikuwapo waliopaza sauti kwamba apigwe risasi. Parnell akawaonesha njia nyingine, aliyoiona kuwa ya Kikristo zaidi: mtu huyo aachwe peke yake njiani, dukani, sokoni na hata mahali pa ibada, mpaka auone uzito wa alichokitenda. Haya hayakuwa maneno matupu. Siku chache baadaye, upande wa pili wa mpaka wa Mayo karibu na Clonbur, mwenye ardhi mmoja, Lord Mountmorres, aliuawa kwa kupigwa risasi. Kususia, katika saa ile, kulisimama mahali pa bunduki.

Tarehe 22 Septemba mpeleka hati za mahakama alikwenda kwa wapangaji wa Lough Mask akilindwa na polisi. Alifanikiwa kukabidhi hati chache tu. Wanawake wa kijiji walijikusanya na kumfukuza kwa mawe, matope na samadi. Kesho yake umati ulifika nyumbani kwa Boycott na kuwataka vibarua na watumishi wake waondoke. Wakaondoka. Mhunzi akaacha kuzipiga kwato za farasi wake viatu, dobi akaacha kufua nguo zake, kijana aliyeleta barua akatishwa asilete tena, na wenye maduka wa Ballinrobe wakakataa kumuuzia chakula. Mavuno yalikuwa tayari shambani, na hapakuwa na mkono wa kuyavuna.

Paroko wa eneo hilo, Padre John O'Malley, alikuwa pia kiongozi wa tawi la Umoja wa Ardhi. Mwandishi wa habari Mmarekani, James Redpath, alisimulia jinsi yeye na padre huyo walivyotafuta neno la kulitaja jambo jipya lililokuwa likitendeka. Neno la kisomi lililokuwapo lisingeeleweka na wakulima. Padre akafikiri kidogo, kisha akapendekeza kulitumia jina la Kapteni mwenyewe. Ndivyo lilivyozaliwa neno hilo, katika mazungumzo ya mchungaji wa roho aliyetaka kondoo wake waelewe.

Mwezi Oktoba Boycott aliandika barua katika gazeti la The Times la London akieleza masaibu yake, na habari zikaenea. Watu waliomhurumia walichanga fedha, na mwezi Novemba wanaume 50, Waprotestanti kutoka kaunti za Cavan na Monaghan, walikwenda kumvunia. Serikali iliwalinda kwa askari wa jeshi na polisi wapatao elfu moja. Padre O'Malley aliwasihi waamini wake wasiwaguse, na hapakuwa na umwagaji damu. Kwa muda wa majuma mawili, kwenye mvua na baridi, watu wale walichimba viazi na mazao mengine ya mizizi na kupura nafaka. Mazao yalikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi. Gharama ya kuyavuna ilikadiriwa kufikia pauni 10,000. Kazi ilipokwisha, Boycott na familia yake waliondoka kwa gari la wagonjwa la jeshi, kwa kuwa hapakupatikana mwenye gari aliyekubali kuwabeba. Hata mjini Dublin mwenye hoteli alipokea barua ya vitisho kwa sababu ya kuwapokea. Mwanzoni mwa Desemba walivuka bahari kwenda Uingereza.

Je, kususia huku kulifanikiwa? Tukitazama kwa juu tutajibu haraka kwamba ndiyo: mtu mwenye sheria, polisi na jeshi nyuma yake alishindwa na wakulima wasio na kitu. Lakini tutazame vizuri zaidi. Kuondoka kwa Boycott hakukumpatia mkulima hata mmoja haki juu ya shamba lake. Kilichobadilisha hali kilikuwa sheria. Mwaka 1881 Bunge, chini ya Waziri Mkuu Gladstone, lilipitisha sheria ya ardhi iliyounda mahakama ya kupanga kodi za haki na kumlinda mpangaji anayelipa asifukuzwe ovyo. Mwaka 1903 sheria nyingine iliwawezesha wapangaji kwa maelfu kuyanunua mashamba yao kwa mkopo wa serikali. Kususia kuliifanya hali ya zamani isiweze kuendelea. Sheria ndiyo iliyoijenga hali mpya. Anayedhani kwamba kususia peke yake kunamaliza kazi, anachanganya kubisha hodi na kuingia ndani.

Tunapaswa pia kuhesabu gharama. Vibarua wa Lough Mask walipoacha kazi walipoteza ujira wao huku majira ya baridi yakikaribia. Wenye maduka walimpoteza mteja. Susa ile haikuwa ya mtoto anayesubiri kubembelezwa. Kila aliyeshiriki alitoa kitu chake mwenyewe. Lakini si wote walioshiriki kwa hiari. Wengine waliogopa tu. Katika miaka iliyofuata silaha hiyo iligeuzwa mara nyingi dhidi ya majirani maskini: aliyelipa kodi yake kimyakimya, aliyemuuzia mkate mtu aliyetengwa. Palipokosekana utii, vitisho vilitumika, na penye vitisho damu haikuwa mbali.

Ndiyo maana tarehe 20 Aprili 1888 Ofisi Takatifu mjini Roma ilitoa hati ya kulaani kususia kwa namna kulivyofanyika Ireland, pamoja na mpango wa wapangaji wa kuzuia kodi na kuiweka katika mfuko wao. Sababu zake zilikuwa kwamba mikataba ilifungwa kwa hiari, kwamba mahakama zilikuwapo, na kwamba kumwandama mtu kwa namna hiyo kunapingana na haki na mapendo. Watu wengi wa Ireland waliumia sana, na wabunge Wakatoliki walipinga hadharani. Tarehe 24 Juni mwaka huohuo Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika waraka wake Saepe Nos akisisitiza kwamba uamuzi huo uheshimiwe.

Hatuna haja ya kulificha jambo hili, wala kulionea haya. Roma iliona hatari ya kweli: umati unaweza kuwa dhalimu kama kabaila. Lakini hoja ya mikataba ya hiari haikuwa neno la mwisho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, Papa huyohuyo katika waraka wake Rerum Novarum alifundisha kuhusu ujira kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kulifanya jambo kuwa la haki, kwa maana mtu anayebanwa na shida hukubali asichokitaka. Ni nani asiyeona kwamba mpangaji wa Mayo, aliyetia saini kwa kuiogopa njaa, alikuwa katika hali iyo hiyo? Tangu hapo Mafundisho Jamii ya Kanisa yamepevuka. Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate mwaka 2009, alikumbusha kwamba kununua si tendo la kiuchumi tu bali daima ni tendo la kimaadili. Papa Fransisko, katika Laudato Si' mwaka 2015, alizitaja waziwazi harakati za wanunuzi wanaosusia bidhaa fulani, akikiri kwamba zinafaulu kuyabadilisha makampuni.

Je, Kanisa limejipinga? Hatuoni hivyo. Kuna tofauti kati ya mambo mawili ambayo jina la Boycott limeyafunika kwa blanketi moja. La kwanza ni uhuru wangu wa kutoutia mkono wangu, fedha yangu na kazi yangu katika dhuluma. La pili ni kumlazimisha jirani afanye kama mimi kwa kumtisha, au kumnyima mtu mkate, barua na ibada kana kwamba si mwana wa Mungu. La kwanza ni dhamiri. La pili ni dhambi, hata likitendwa kwa jina la maskini. Bwana wetu alituagiza tuwapende adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi. Hakutuagiza tununue bidhaa zao.

Ukweli huu umethibitishwa na matukio mengine. Zanzibar, sheria ya mwaka 1937 ilipowanyang'anya wafanyabiashara wa Kihindi nafasi yao katika biashara ya karafuu, wanunuzi wa India, soko kubwa la karafuu hizo, walizisusia kwa mwito wa chama cha Congress. Mwaka 1938 serikali ililazimika kufanya mapatano. Huko Montgomery, Marekani, raia weusi, ambao walikuwa wengi wa abiria, walikataa kupanda mabasi ya mji kwa siku 381 tangu Desemba 1955, wakatembea kwa miguu au kupeana lifti, hadi uamuzi wa Mahakama Kuu ulipoufuta ubaguzi ndani ya mabasi. Katika matukio hayo yote mawili waliosusia walikuwa sehemu kubwa ya soko, walidumu pamoja, na walijua wanachokidai. Tena, kama huko Ireland, mwisho wake ulikuwa mapatano au sheria.

Kwa hiyo tunaweza kuwajibu wanaotuuliza. Kususia kunafaa, lakini si kila kususia. Kwanza, ukweli uthibitishwe. Ujumbe unaosambazwa kwenye simu bila chanzo unaweza kuua biashara ya mtu asiye na hatia, na amri ya kutomshuhudia jirani uongo haijafutwa. Pili, dai liwe wazi na liwezekane: wapangaji wa Lough Mask walidai asilimia 25, hawakudai dunia mpya. Kampuni isiyojua itende nini ili isamehewe haina sababu ya kubadilika. Tatu, tufikirie watakaoumia kabla ya matajiri kuumia, yaani vibarua na wakulima wanaoiuzia kampuni hiyo, na ikiwezekana tusikie kwanza wao wenyewe wanataka nini. Nne, tuwe tayari kulipa gharama sisi wenyewe, wala tusimtishe anayefikiri tofauti. Tano, tusiishie dukani. Tuifuate haki hadi kwenye vyama vya wafanyakazi, bungeni na mahakamani.

Naye Boycott? Mwaka 1881 alirudi Lough Mask. Hasira zilikuwa zimepoa, na aliishi huko miaka kadhaa zaidi. Serikali ilikataa kumlipa fidia. Mwaka 1886 aliondoka kwenda Flixton, Suffolk, nchini Uingereza, akawa tena wakala wa ardhi ya mtu mwingine. Inasimuliwa kwamba aliendelea kupenda kwenda Ireland kwa mapumziko. Alifariki dunia mwezi Juni 1897 akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa katika kijiji alichozaliwa. Watu wale waliomfukuza bila kumuua walimwachia, pengine bila kukusudia, nafasi ya kurudi na kusalimiwa tena njiani. Lord Mountmorres hakuipata nafasi hiyo, wala waliomuua hawakuipata nafasi ya kupatana naye.

Hapo tunaona kipimo cha mwisho cha kususia kunakompasa Mkristo: kuache mlango wa kurudi. Ukisusa peke yako, kwa hasira, ni kweli wenzio wala. Jumuiya inaposusa pamoja, kwa dai la haki na bila chuki, hufanya hivyo kwa shabaha ya kuketi tena mezani na yule aliyekosa, akiisha kurekebisha alichokiharibu. Tumwombe Mungu atujalie ujasiri wa kuyazuia mapesa yetu pale yanapolisha dhuluma, na moyo mpana wa kuyafungua tena pale haki inaporudi.